Vidoti vya Gari la Mama Nyuzi

Kwenye droo ya juu ya benchi nimewaachia vijiti vitatu vya mbao ngumu. Kimoja ni bapa kama ulimi, kimoja kimepinda kidogo, na cha tatu kimechongoka kama penseli iliyotumika sana. Msivitupe mkidhani ni takataka. Vilinifundisha kazi kabla hizi kompyuta mnazochomeka chini ya usukani hazijaanza kuwaambia gari linaumwa wapi. Siku mliyonikatia keki ya kuniaga, mmoja wenu aliniuliza, "Mathe, kabla ya kompyuta mlikuwa mnajuaje?" Sikujibu kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa keki. Sasa keki imeisha, na jibu lenyewe ni refu kidogo.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya tisini. Baba yangu alikuwa ametoka magharibi kuja kutafuta kibarua cha kiwandani, na tulikuwa tukiishi Mowlem, mtaa wa mashariki mwa Nairobi. Nilipomaliza shule, mama alitaka nijifunze kupiga taipu. Nami nilikuwa nimezoea kufungua redio ya nyumbani kila ilipokoroma, na mara nyingine hata kabla haijakoroma. Basi siku moja nikashuka hadi ukingoni mwa Majengo, karibu na soko la Gikomba, nikasimama mbele ya banda la mabati lenye maandishi ya rangi nyekundu: UMEME WA MAGARI. Ndani alikuwamo Mzee Kilonzo, ameingiza kichwa chini ya dashibodi ya pikapu, miguu yake miwili tu ndiyo inaonekana.

"Shikamoo, Mzee. Natafuta kazi."

"Marahaba. Unajua kutunga uzi kwenye sindano?" miguu iliuliza.

"Najua."

"Bila kulamba uzi?"

"Bila kulamba."

Akatoka, akanitazama. "Basi umeme utauweza. Wanaume wanaokuja hapa wanavuta waya kama wanavuta ng'ombe mnadani."

Siku hiyo ya kwanza hakunipa gari. Alinipa fungu la nyaya zilizong'olewa kwenye lori bovu, limesokotana kama nywele za mtu aliyeamka, pamoja na betri na taa ya majaribio. Kazi yangu ilikuwa kutafuta kila waya unaanzia wapi na kuishia wapi. Nilishinda nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kila taa ilipowaka nilifurahi peke yangu, na kila nilipofurahi Mzee alisema, "Usifurahi. Uliza kwa nini imewaka." Maneno hayo nimewaambia nyinyi mara nyingi mpaka mkaanza kuniigiza. Nawajua wote, hata yule anayeniigiza akishika kiuno.

Mzee Kilonzo hakuanza na magari. Kwao Ukambani alikuwa mchongaji wa vinyago, kama baba yake na wajomba zake. Wanunuzi walipopungua ndipo akajifunza umeme. Ule uchongaji haukumtoka mikononi. Dashibodi za plastiki hukwaruzika ukizifungua kwa bisibisi, na mteja akiona mkwaruzo husahau kwamba umemtengenezea taa zote. Basi Mzee alichonga vijiti kutokana na mabaki ya mbao za vinyago, akavilainisha kwa msasa na mafuta. Kijiti bapa hupenya kwenye ufa, kilichopinda huinua kifuniko, kilichochongoka husukuma kidude kinachoshikilia soketi. Dashibodi hutoka kama ganda la ndizi. Vijiti mlivyorithi ni vile vile, isipokuwa kile kilichopinda. Hicho nilikichonga mimi, na ndiyo maana kimepinda zaidi ya inavyotakiwa.

Si kwamba sikukosea. Mwaka wangu wa kwanza niliunganisha honi ya teksi moja na taa za breki. Mwenyewe akaondoka kwenda Dandora akipiga honi kila anapofunga breki. Nilijificha nyuma ya banda aliporudi. Kumbe alikuja kuomba tuiache hivyo hivyo, maana kila mtu alikuwa akimpisha.

Kufikia katikati ya miaka ya tisini, magari yaliyotumika yalianza kuingia kwa wingi kutoka Japani, na baadhi yakaja na kitu ambacho hatukuwahi kukiona: skrini katikati ya dashibodi. Gari lilikuwa na ramani yake tumboni, kwenye diski iliyofichwa chini ya kiti au kwenye buti. Ukiliwasha, skrini inakuonyesha mitaa, na mshale mdogo ambao ndio wewe. Ubaya ni kwamba mitaa yenyewe ilikuwa ya Japani. Dereva yuko Gikomba amezungukwa na mikokoteni, lakini mshale wake unakatiza mji wenye bandari na reli za treni. Wengi walituambia, "Ng'oa hii, weka kaseti." Tukang'oa, tukaweka kaseti. Tulikuwa na kreti nzima ya skrini ambazo Mzee hakukubali zitupwe. Alisema kitu kilichochongwa kwa bidii hivyo hakitupwi kabla hujakielewa.

Ndipo akaja Mama Nyuzi.

Jina lake halisi lilikuwa Bi. Njoki, lakini kila fundi wa cherehani wa Eastlands alimwita Mama Nyuzi. Alikuwa na ghala Industrial Area, akiuza nyuzi, vifungo na vipuri vya cherehani. Dereva wake aliwapelekea wateja kuanzia Majengo hadi Dandora, na kuzunguka hadi Mukuru kwa Reuben. Alivaa futi ya ushonaji shingoni kama wengine wanavyovaa mkufu. Alikuwa amenunua gari lenye buti ndefu, limetoka bandarini juzi.

"Sasa hii televisheni ni ya kazi gani?" aliuliza.

"Si televisheni, mama," Mzee alisema. "Ni ramani."

"Ya wapi?"

"Ya Japani."

"Mimi nauza uzi Dandora."

Mzee alicheka, kisha akamwomba amwachie gari kwa muda. Kwa siku kadhaa tulikaa ndani yake, mimi nikibonyeza vitufe, yeye akitazama. Maandishi yote yalikuwa ya Kijapani. Kila tulipogundua kazi ya kitufe, tulibandika kipande cha utepe wa karatasi na kuandika: KARIBU, MBALI, FUTA, NYUMBANI. Tukagundua kwamba unaweza kuuchukua mshale ukauweka popote upendapo. Mzee akausukuma kutoka nchi kavu hadi majini.

"Mbona baharini, Mzee?" nikamuuliza.

"Baharini hakuna barabara ya kuuchanganya."

Alikuwa ameona kwamba mshale ukiwa karibu na barabara ya Japani, mashine huuvuta juu ya barabara hiyo, ikidhani ndipo gari lilipo. Kwenye maji hapakuwa na cha kuuvuta. Kila gari lilipotembea, mshale ulisogea kwenye rangi ya buluu ukiacha nyuma nukta ndogo ndogo, sisi tukiziita vidoti. Ukitoka ghalani ukaenda Dandora kisha Mowlem kisha ukarudi, unaona umbo la safari yako limechorwa majini, kaskazini ikiwa juu. Mama Nyuzi alipooneshwa, hakutaka tena kaseti. Asubuhi alibonyeza NYUMBANI, mshale ukakaa kwenye alama ya ghala. Jioni alitazama dereva wake alikopita.

Hapa nieleze mashine ilijuaje, maana ndipo kisa kilipo. Mashine za siku hizi husikiliza setilaiti. Lile gari la Mama Nyuzi lilikuwa na waya wa setilaiti uliokatwa kabla halijatufikia, antena yenyewe haipo. Likabaki na vitu viwili. Cha kwanza, kifaa kinachohesabu mizunguko ya magurudumu, ndicho kinachojua umetembea umbali gani. Cha pili, dira iliyofichwa chini ya bati la paa, juu kidogo ya mlango wa buti, ndiyo inayojua umeelekea wapi. Fikiria mtu anatoka kituo cha basi kwenda kwake akiwa amefumba macho, anahesabu hatua na kukumbuka kila kona. Akijua urefu wa hatua yake, na kichwa chake kiko sawa, atafika mlangoni. Akikosea moja kati ya hayo, atabisha kwa jirani.

Kosa la kwanza lilikuwa la hatua. Barabara zetu zilikuwa na mashimo, na Mama Nyuzi, kama kila mtu, akafunga matairi makubwa zaidi ili gari liinuke. Baada ya hapo Dandora ikasogea karibu kwenye skrini. Tairi kubwa huzunguka mara chache kwa safari ile ile, na mashine ilikuwa ingali inahesabu kwa tairi dogo. Tulitafuta kwenye kurasa zake mpaka tukapata mahali pa kurekebisha, tukapima, tukarekebisha, tukapima tena. Dandora ikarudi mahali pake. Mama Nyuzi aliridhika sana. Tangu siku hiyo akaiamini skrini ile kama saa ya ukutani, na kwa miezi mingi ilistahili kuaminiwa.

Dereva wake alikuwa Musyoka, kijana mwembamba mwenye sauti nene kuliko mwili wake. Siku za kazi aliwapelekea watu nyuzi, na Jumapili alifundisha kwaya kwenye kanisa la mabati huko Mukuru kwa Reuben. Alipoleta gari kwetu hakukosa kuimba, na Mzee Kilonzo hakukosa kumsaidia kwa sauti iliyopotea njia.

Siku moja waliingia uwanjani wote wawili, na Musyoka hakuwa akiimba. Mama Nyuzi alishuka, akafunga mlango kwa nguvu.

"Mzee, njoo uone. Gari liko hapa, si ndiyo?"

"Liko hapa."

"Mshale uko wapi?"

Tukainama. Asubuhi safari ilikuwa imeanza vizuri kwenye alama ya ghala. Halafu vidoti vilipinda pole pole kuelekea mashariki, na mshale ukaishia mbali, upande ambao ungekuwa Ruai.

"Kila siku ni hivi," alisema. "Anarudi kwangu jioni, lakini mshale unabaki kule. Ukibaki kule maana yake ameizima kule. Anabebea watu mizigo Ruai na petroli yangu, halafu anazima mashine ili nisione akirudi."

"Mama, haki ya Mungu sijaizima," Musyoka alisema.

"Gari lilijirudisha lenyewe?"

"Sijui, Mama. Lakini Ruai mimi sina hata mtu wa kunisalimia."

"Hata mimi ningesema hivyo."

Hakuwa mwanamke mkorofi. Alikuwa ameiona mashine ikisema kweli miezi yote ile, akatafuta sababu inayoingia akilini, akaipata. Akamwambia Mzee aipime. Ikionekana mbovu, yaishe. Ikionekana nzima, Jumamosi Musyoka aweke funguo mezani.

Nyinyi vijana mna simu, mtu akifutwa hapa anapiga kule. Wakati ule dereva aliishi kwa jina. Dereva aliyefutwa kwa wizi wa petroli Industrial Area hakupata usukani mwingine, maana wenye maghala walijuana. Na huko Mukuru, mwalimu wa kwaya aliyeitwa mwizi angesimamaje mbele ya watu kuwaambia waanze ubeti wa kwanza? Musyoka aliyajua yote hayo. Alipotuletea gari kesho yake lipimwe, alikuwa ameliosha na kulifagia, na macho yake yalionyesha hakulala.

Tuliweka alama ya banda letu majini, tukatoka naye hadi Dandora, tukapita Mowlem, tukarudi. Mimi nilikuwa nimeikodolea skrini macho njia nzima. Mshale ulirudi ukatulia juu ya alama yetu kama kuku aliyerudi kwenye kiota. Tukarudia kwa njia nyingine. Ukarudi tena. Mashine ilikuwa nzima kabisa.

Musyoka alikaa kwenye tairi kuukuu karibu na lango. "Basi nimekwisha," alisema.

Mzee alikwenda kwenye birika. Alijimiminia chai, akaweka sukari, akasahau kwamba ameweka, akaweka tena.

Nawaambieni ukweli, siku ile na mimi nilimshuku. Kipimo kilikuwa kimesema. Lakini kazi ilikuwa haijaisha, nilitaka kukagua waya wa dira huko nyuma, kwa hiyo nikafungua mlango wa buti. Zulia lilikuwa limefagiwa likang'aa. Katikati yake, nyuzi za zulia zilikuwa zimelala zikiacha chapa ya mraba, na kila pembe ya mraba ina kishimo. Kitu kizito chenye miguu minne kilikuwa kimekaa hapo muda mrefu. Boksi la vifungo haliachi chapa namna hiyo.

"Musyoka," niliita. "Hapa hukaa nini?"

"Mzigo tu."

"Mzigo gani?"

"Nafula, si mzigo tu? Kwani wewe ni karani wa ghala?"

Mzee akaweka kikombe chini. Akaenda akakaa naye kwenye lile tairi, wakawa kama abiria wawili wanaongoja basi. "Mwanangu," alisema, "mimi si polisi, na huyu si karani. Jana ulipokuja kuletewa kesi, kitu kilikuwamo?"

"Kilikuwamo. Mama alipanda njiani, hakufungua buti."

"Leo?"

"Nimekitoa. Nani analeta gari gereji na kitu ndani?"

Nikataka kucheka, kwa sababu ni kweli. Hakuna mtu wa Eastlands anayepeleka gari kwa fundi kabla ya kulikomba kila kitu, hata sarafu za kwenye kisanduku cha majivu. Huwa hawatuambii wazi kwa nini, wanasema wamelisafisha kwa heshima. Heshima hiyo huondoka pia na gurudumu la akiba.

"Kitu gani, Musyoka?" Mzee aliuliza tena.

Akainamisha kichwa. "Spika ya kanisa."

Kanisa lao lilikuwa la mabati, na mlango wake ulifungwa kwa waya. Waumini walikuwa wamechanga wakanunua spika kubwa ya sanduku la mbao, na hapakuwa na mahali pa kuilaza ambapo ingeamka salama. Nyumba ya Musyoka ilikuwa chumba kimoja chenye watoto. Basi spika ikawa inakaa kwenye buti, imesimamishwa wima, imefunikwa gunia, inazunguka wiki nzima na nyuzi, na Jumapili inashuka kuimba. Mama Nyuzi alikuwa amekataza mizigo ya watu, ndiyo maana Musyoka alikuwa akiishusha kimya kimya nje ya lango kabla ya kumpakia vitu vyake ghalani, na kuirudisha ndani anapotoka langoni.

Mzee aliniuliza, "Nafula, ndani ya spika mna nini?"

"Koni, koili na..."

"Malizia."

"Sumaku."

Musyoka alikwenda kwake, akarudi na spika. Tuliegesha gari mahali pamoja, injini imewashwa, halijongei hata kidogo. Mimi nikakaa mbele na kutazama skrini. Wao wakaiinua spika, wakaiingiza kwenye buti, kichwa chake kikakaribia paa, pale pale chini ya dira. Na mshale, gari likiwa limesimama, ukageuka. Uligeuka taratibu, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa nyuma yake.

"Toeni!" nilipiga kelele. Ukarudi. "Ingizeni!" Ukageuka. Mzee Kilonzo akaanza kuimba, na safari hii hakuna aliyemwomba aache.

Basi safari za Ruai zilikuwa hizo. Kila kona ambayo gari lilikata, dira ilikuwa ikiambiwa uongo kidogo, na uongo mdogo wa kila kona, mwisho wa siku, unakufikisha mbali. Lile pengo kati ya mshale na ghala, ambalo Mama Nyuzi aliliona kuwa dalili ya mtu aliyezima mashine, lilikuwa ndio ushahidi kwamba haikuzimwa. Mashine ilifanya kazi mpaka langoni. Ilifika tu mahali pengine kichwani mwake.

Mimi nilidhani yameisha. Musyoka ndiye aliyeona kwamba bado.

"Nikimwambia Mama, ananifuta kwa kubeba mzigo wa watu," alisema. "Nisipomwambia, ananifuta kwa wizi."

Kulikuwa na njia ya tatu, na nilikuwa nayo ulimini. Tungeweza kusema waya ulikuwa umelegea, tumeukaza. Spika ingehamia kwingine, vidoti vingenyooka, na kila mtu angeamini. Nadhani Mzee naye aliifikiria, kwa sababu alimtazama Musyoka, hakunitazama mimi.

Musyoka alipangusa vumbi kwenye sanduku la spika kwa mkono wa shati. "Mkisema waya, mimi nitakaa salama," alisema. "Halafu siku moja mtu wa sauti ya besi atakwenda kwake kununua vifungo, aseme ile gari yako imetusaidia kubeba spika. Besi wa kwetu hawanyamazi. Hapo atajua nilimdanganya mara mbili. Afadhali mara moja, na nimwambie mwenyewe."

Jumamosi Mama Nyuzi alikuja, futi shingoni. Kabla hajasalimiwa na mtu yeyote, Musyoka alibeba spika peke yake, akaiweka mbele yake kwenye mchanga.

"Hii ni nini?"

"Ni spika ya kanisa letu, Mama. Imekuwa ikipanda gari lako tangu Pasaka. Sikukuomba ruhusa kwa sababu nilijua utakataa."

"Kwa hiyo mizigo ulikuwa ukibeba."

"Huo mmoja. Ruai sikwenda."

Mama Nyuzi alimgeukia Mzee, na sauti yake haikuwa nzuri. "Na mashine?"

"Nzima," Mzee alisema. "Lakini usiniamini mimi. Ingia uendeshe mwenyewe, na spika ikiwa ndani. Pita njia unayotaka wewe."

Nilikaa kando yake. Aliendesha, akapita Gikomba, akaenda hadi Mowlem, akazungukia njia ambazo nadhani alizichagua makusudi ili tusiweze kumchezea. Mimi sikumwelekeza skrini. Aliitazama mwenyewe, kwanza mara chache, halafu kila mara. Vidoti vilikuwa vikipinda. Tulipoingia tena uwanjani na akazima injini, alama yetu ilikuwa huku, na mshale wake ulikuwa kule, majini, upande wa Ruai.

Aligusa skrini kwa kidole, pale penye mshale.

Mzee alikuja dirishani. "Mama, uliizimia wapi?"

Nilidhani atakasirika. Alivuta futi shingoni, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akateremka.

"Musyoka."

"Naam, Mama."

"Jumatatu, saa ya kawaida."

"Asante, Mama."

"Na hicho kisanduku kisipande gari langu tena. Kanisa litafute pa kukilaza."

Akaondoka kwa miguu kuelekea kwa wateja wake wa Gikomba, gari akaliacha na dereva wake. Hakuomba radhi, wala Musyoka hakuingoja. Alikuwa amekaa tena kwenye lile tairi, mikono imefunika uso, na sisi tukajifanya tunatafuta bisibisi.

Spika ilibaki mchangani. Mzee Kilonzo aliizunguka, akagonga mbao zake kwa kidole kama mchongaji anayekagua gogo. "Hapa kwetu kuna kufuli mbili na mbwa," alisema.

"Mbwa alikufa, Mzee," nikamwambia.

"Wezi hawajui."

Ikaingia bandani siku ile ile. Jumapili asubuhi Musyoka alikuja na mkokoteni, nikamfungulia. Baada ya wiki chache nikaona spika imevaa vazi la kitambaa kizito cha buluu, limeshonwa kwa vipimo vyake hasa, pembe zimeshonwa mara mbili. Nilipouliza, Musyoka alisema Mama Nyuzi alikuja ghalani na futi, akamwambia amtajie urefu na upana wa kile kisanduku.

Yamebadilika mengi. Mzee Kilonzo alirudi kwao, na huko alipumzika. Mashine za ramani sasa zinasikiliza setilaiti na kukuita kwa sauti ya upole, na bado siku nyingine zitakuambia geuka kushoto mahali penye ukuta wa mtu. Zinapokosea, kumbukeni mambo mawili. Msimhukumu dereva kabla ya kujua mashine ilijuaje. Na mteja akileta gari linalong'aa, mwulizeni kwa upole ametoa nini ndani yake kabla hajaja, kwa sababu gari mnalopima si lile linaloumwa. Msiwe na haraka ya kujibu kila kitu. Mtaweza. Nimewaona mkifanya kazi, na mna mikono mizuri kuliko niliyokuwa nayo mimi siku ya ile honi.

Sasa neno la mwisho, ambalo hamkuwahi kuniuliza. Lile sanduku la buluu kwenye kona ya nyuma, ambalo mmoja wenu huwekea chakula chake cha mchana, si kabati. Koni nimezibadilisha mara kadhaa, na vazi limeshonwa upya, lakini mbao ni zile zile. Siku hizi binti yake Musyoka ndiye mwalimu wa kwaya, naye huja Jumapili alfajiri kabla hamjaamka. Nilikuwa nikimfungulia mimi. Ufunguo uko kwenye droo ya juu, chini ya vijiti. Magari yenye dira yaegesheni upande wa lango, mbali na ile kona, na Jumapili mmoja wenu awahi. Kwaya huanza mapema.